Kifurushi Chepesi

Alama kumi na moja zilikuwa za kijani kwenye kompyuta yangu, pale ofisini kwetu Suna. Ya kumi na mbili ilikuwa nyekundu, na kando yake paliandikwa jina la kisiwa, Mfangano. Niliitazama kwa chuki, utadhani ni yenyewe iliyonikosea.

Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumebishana jinsi ya kufungasha programu yetu mpya ya zahanati, ili ijisakinishe yenyewe kwenye seva za zahanati zote kumi na mbili bila mtu kuzigusa. Simeon, mwenzangu kazini, alitaka kifurushi kizito chenye kila kitu ndani. Mimi nilitaka chepesi: kifike upesi, kisha kivute vilivyopungua kutoka mtandaoni.

"Visiwani mtandao ni wa kubahatisha," Simeon alisema. "Anayekwenda huko hubeba hata chumvi yake."

"Kwani wewe Simeon ukienda kutembea hubeba jiko na mafiga?" nilimtania, na chumba kizima kikaangua kicheko. Bosi wetu, Zablon, alicheka pia, akachagua changu. Kichwa kilinivimba, sitaficha.

Sasa kifurushi changu kilikuwa kimefika Mfangano, kikafuta programu ya zamani kama nilivyokiagiza, kikaanza kuvuta vipande vyake, na mtandao ukakatika. Ya zamani haipo, mpya haijakamilika. Saa tatu asubuhi akanipigia Sista Phelesia, muuguzi wa zahanati ile.

"Damaris, mashine yenu imekufa, na nina mtoto wa selimundu hapa. Mifupa inamuuma mpaka anapiga mayowe. Mwaka jana kuna dawa ya maumivu ilimziba pumzi, na jina la dawa hiyo limo humo ndani ya mashine tu."

"Mama yake hakumbuki, Sista?"

"Anakumbuka kwamba ilikuwa nyeupe. Dada yangu, dawa zangu zote ni nyeupe."

Nilimweleza Zablon. Alifunga mlango kwanza.

"Wakiuliza, sema ni mtandao. Nani atabishana na mtandao?"

"Lakini bosi, njia niliichagua mimi."

"Basi usijipalie makaa."

Simeon alikuwa ameshafungasha kila kitu kwenye diski. Alinikabidhi, akarudi mezani kwake. Laiti angenicheka, ningepata nafuu.

Kutoka Suna hadi Homa Bay, kisha Mbita, kisha boti: saa tano nzima. Njia yote nilikuwa nikiyasikia mayowe ya mtoto nisiyemjua. Niliona aibu, na bado neno la Zablon lilinivutia. Lilikuwa neno rahisi, na tena halikuwa uongo mtupu.

Nilipofika zahanati, nilichomeka diski kwenye seva yao. Kifurushi kizito hakikuomba kitu kwa mtu. Baada ya dakika ishirini rekodi zikafunguka. Phelesia alisoma, akaitenga chupa moja kati ya mbili zilizokuwa mezani.

"Ni hii iliyomziba pumzi," alisema. "Mkono wangu umeifikia mara mbili leo."

Alimdunga mtoto dawa ile nyingine. Achieng, wa miaka sita, alinyamaza kidogo kidogo, akalala huku kope zikiwa bado na machozi. Mama yake alikuja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ero kamano, asante mwanangu. Sista aliniambia ni mtandao tu. Na wewe umetoka mbali hivyo kwa ajili ya mtoto wangu."

Phelesia alikuwa amenipa mgongo, akiosha mikono. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ningeweza kusema karibu, nikarudi zangu Suna.

"Mama, haukuwa mtandao," nilisema. "Ni mimi. Nilionywa, nikacheka. Ndiyo maana ameumia tangu asubuhi."

Maji yaliacha kutiririka kwenye beseni. Mama Achieng alinitazama kama anayetafuta mtu aliyekuwa akimshukuru sasa hivi. Kisha akaitoa mikono yake, polepole, wala si kwa hasira, akairudisha kwa mtoto.