Kibali cha Mbwa Mwitu Mmoja

Kibali nilikisaini mimi, kwa mkono huu huu. Nakisema kwanza ili usije ukanionea huruma kabla ya wakati.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mbwa mwitu wa misitu ya Alutaguse na kuamua wangapi wapigwe risasi kila msimu wa baridi. Kwa miaka kumi na mitano nimepima nyayo, nimechungulia vinyesi, nimegombana na wafugaji na wawindaji, wote wakiniona mchawi. Mwezi huu wa pili nilikuwa nihamie Tallinn, mji mkuu, niwe mkuu wa idara nzima. Nilikuwa nianze Jumatatu, na masanduku yalikuwa tayari mlangoni. Niliitaka kazi ile hadi nikawa naiota.

Na Meelis nilimtaka pia. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, wala hawakusema habari za mbwa mwitu, lakini nadhani walituelewa.

Maana mimi na Meelis ndio hao. Tulipokuwa na miaka kumi na miwili, nyanya yake alituonyesha msonobari uliopinda hadi kilele chake kikaota mizizi, akatuambia tusithubutu kupita chini yake mara tatu kinyume na jua. Ungetegemea nini kwa watoto wawili? Tulipita tukicheka. Tangu siku hiyo kila mwezi nageuka mbwa mwitu kwa siku tatu, mwezi wa angani ukiwa mwembamba, na Meelis naye ukikaribia kujaa. Hakuna anayerudi peke yake. Sharti siku ya tatu mtu anayekujua akusogezee mkate mweusi kwenye ncha ya kisu na akuite kwa jina lako lote la ubatizo. Akichelewa, unabaki, na kadiri unavyobaki ndivyo unavyosahau. Nyanya amekufa siku nyingi, kwa hiyo duniani hakuna ajuaye ila sisi wawili. Nilimwita, akaniita, miaka ishirini na mitatu. Watu wa kijijini wakatuita marafiki wa chanda na pete, wakashangaa mbona hatuoani. Na mimi nilishangaa. Kila nikitaka kusema neno, lilikuja jambo la kazi.

Kazi yake yeye aliiacha zamani. Alikuwa fundi wa nyumba za magogo huko Ufini, akija nyumbani kwa meli siku zetu zikifika, anapata mshahara wa kueleweka, hadi msumeno ulipomla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hata hivyo walimtaka abaki, awe msimamizi. Mwezi ule ule mimi nilibaki msituni siku kumi na moja kwa sababu meli yake ilicheleweshwa na dhoruba. Alinikuta nimesahau jinsi ya kushika kijiko. Hakurudi tena Ufini. Wala hakuwahi kunisimanga.

Sasa sikia nilivyomlipa. Mwezi wa kwanza, siku yake ya tatu, nilikuwa Tallinn nahojiwa kuhusu cheo. Mahojiano yakasogezwa mbele siku mbili, nami nikakaa. Meelis mwenye njaa akaingia zizini kwa mzee Arvo, kiongozi wa wawindaji wetu, akaua kondoo wanne. Nilirudi nikamwita, akarudi, akalia. Kesho yake Arvo akanipigia nikapime nyayo. Wayo wa mbele wa kushoto haukuwa na vidole viwili.

Ningekataa kibali, wangeuliza kwa nini, na kuulizwa majuma matatu kabla ya cheo sikukutaka. Basi nikafanya ujanja. Nikasaini kibali cha mbwa mwitu mmoja, tarehe mosi hadi kumi, wakati ambao Meelis ni mtu anayekunywa kahawa jikoni kwake. Nikajiona nina akili. Nikajitia kusahau kwamba kwetu mbwa mwitu hawindwi bila theluji mpya, na kwamba kibali kikikosa theluji huendelea kungoja theluji ya kwanza, hadi mnyama apatikane. Kifungu hicho nilikiandika mwenyewe, miaka sita iliyopita, na nilikisifia sana.

Tarehe kumi ilipita ardhi ikiwa tope tupu. Theluji ilianguka usiku wa tarehe kumi na mbili.

Juma hilo mimi na Meelis tulikuwa tumegombana. Nilimwambia nitakuwa nakuja kwa treni kila mwezi.

"Kama mwezi uliopita?" akauliza.

"Mara moja tu, Meelis! Mara moja katika miaka ishirini na mitatu!"

"Nenda, bibie. Kwani nani amekushika sketi?"

"Jifungie kwenye sauna ya nyanya siku zako zikifika. Siku ya tatu nitakuja."

"Ndiyo, mheshimiwa mkuu wa idara," akasema, akaniinamia kama mhudumu wa hoteli. Nilitoka nimeubamiza mlango wake.

Arvo alinipigia alfajiri. Mbwa mwitu ameingia kwenye kipande cha msitu kusini mwa bwawa, nyayo za kuingia zipo, za kutoka hazipo. Nilifikiri ni mmoja wa kundi la mashariki. Kwa nilivyojua Meelis alikuwa amejifungia saunani, kwenye kile kibanda cha kuogea mvuke, siku yake ya pili. Nilikwenda roho yangu imetulia, nikasaidia hata kutandaza kamba.

Kamba yenyewe ina vibendera vyekundu, kimoja kila nusu mita, inazungushwa msitu mzima usawa wa goti. Mbwa mwitu anaruka uzio wa waya, anavuka mto wenye barafu, lakini kitambaa hicho chekundu kinachopeperuka hakivuki. Hakuna ajuaye kwa nini. Hata mimi niliyewahi kukiogopa kwa miguu minne sijui. Nilivaa gurudumu la kamba mgongoni nikatandaza kilomita mbili kwa mikono mitupu, maana glovu zinanasa. Wawindaji saba wakajipanga ndani ya kamba, kimya. Ndipo Arvo akanionyesha nyayo za kuingilia, ili nizipime kwa ajili ya karatasi zangu.

Wa mbele wa kushoto. Vidole viwili havipo.

"Ndiye yule yule mwizi wangu," Arvo akanong'ona, amefurahi. "Vipi, binti? Umepauka."

"Baridi," nikasema. "Mzee, acha niingie mimi kumtoa. Sina bunduki, sitawaharibia."

"Wewe? Mkuu mzima wa idara?"

"Sijaanza bado. Nipe tu huo mkate wako, sijala."

Akanipa kipande cha mkate mweusi wenye mafuta ya nguruwe, akatikisa kichwa, akaenda kusimama mahali pake.

Niliingia msituni nikikimbia, na kukimbia hakuruhusiwi. Kisu changu cha kazi mkononi, mkate kwenye ncha yake. Nilimkuta kwenye uwazi mdogo; alikuwa mkubwa, wa kijivu, mbavu zimemtoka. Aliniona. Niliita kwa sauti ya chini, "Meelis Johannes Kuusik." Masikio yakasogea, basi. Ilikuwa siku ya pili, wala sikujua kama jina linafanya kazi kabla ya siku ya tatu, hatukuwahi kujaribu. Niliita tena. Akageuka akaenda zake, taratibu, moja kwa moja upande aliosimama Arvo.

Nikamfuata nikizama hadi magotini. Kati ya miti niliona koti la Arvo, kisha niliona bunduki ikipanda begani. Nilikuwa na pumzi moja. Ningeitumia kupiga kelele tu, Arvo angefyatua. Ningenyamaza, Arvo angefyatua.

"Meelis!" nilipiga ukelele, na kila mwindaji aliyekuwa kwenye mstari ule akasikia. "Meelis Johannes Kuusik! Rudi, mjinga wewe! Nakupenda! Nimekupenda tangu tuna miaka kumi na miwili, na sijui nimekuwa nikingoja nini! Meelis Johannes Kuusik!"

Mbwa mwitu akasimama. Akanigeukia, akaja, akauchukua mkate kwenye ncha ya kisu kwa meno ya mbele, kwa adabu, kama anavyofanya siku zote. Na hapo mbele yangu na mbele ya mzee Arvo, palipiga magoti mwanamume uchi kwenye theluji, anatafuna, anatetemeka.

Nilimvisha koti langu. Nikamburuta hadi kwenye kamba. "Vuka," nikamwambia. "Vuka, gari liko pale."

Meelis akaitazama ile kamba inayofika gotini. Akainua mguu, akaushusha. Meno yalimgongana, machozi yakamtoka, miguu yake mitupu ikawa imeanza kubadilika rangi, na hakuweza. Mtu mzima, fundi aliyewahi kutembea juu ya paa bila kamba, ameshindwa na vitambaa.

"Siwezi," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Hilje, siwezi."

Nikaikata kamba kwa kile kisu. Ilianguka pande mbili, naye akapita katikati huku amefumba macho.

Arvo alikuwa amefika. Hakututazama sisi, alitazama theluji, maana mtu yule husoma theluji kama wengine wanavyosoma gazeti. Nyayo za mbwa mwitu zilikuja, zikasimama, zikaendelea zikiwa miguu ya mtu. Alizisoma mara mbili. Akavua kofia.

"Nimepiga kumi na tisa maishani mwangu," akasema. "Wote uliwapima wewe, au aliyekuwepo kabla yako. Niambie, binti. Wote walikuwa mbwa mwitu?"

Ningeweza kumdanganya. "Sijui, mzee," nikasema.

Alitoa risasi kwenye bunduki moja moja, akazitia mfukoni. Kisha akasema kwenye redio kwamba mnyama ametoka, watu warudi nyumbani, na aliyesikia kelele amenisikia mimi nimeteleza nikamwita Meelis anitoe mtaroni. Mtu mmoja akacheka redioni. Arvo akanisogelea.

"Mfunike miguu. Na karatasini kwako andika nguruwe pori ameikata kamba. Hutokea. Jumatatu nenda zako Tallinn, mimi sijaona kitu."

Mzee huyu niliwahi kumwita katili mbele ya watu. Nilimshukuru, nikashindwa hata kumtazama.

Ndani ya gari niliwasha joto hadi mwisho, nikamfunga Meelis miguu kwa blanketi la mbwa lililokuwa kiti cha nyuma. Mikono yake ilipoanza kupata damu akaanza kuongea, kwa shida, maneno yakija mojamoja.

"Sikujifungia."

"Nimeona."

"Nilikuwa sitaki urudi kuniita. Nilisema nikikaa huko mwezi mmoja, miwili, nitasahau. Wewe ungekwenda kwenye kazi yako bila mzigo."

"Na mimi? Mimi angeniita nani, Meelis?"

"Hilo sikulifikiria," akasema. "Nilikuwa na hasira."

Nilicheka, kicheko kibaya, halafu nikalia juu ya usukani. Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Nilikuja kwenye kamba mara mbili kabla hujaniona. Vile vibendera vilikuwa na harufu ya mikono yako. Vyote. Niliogopa mpaka nikajikojolea, lakini nikarudi tena, kwa sababu nilidhani umekuja kunitafuta."

Nikaificha mikono yangu chini ya mapaja.

"Kibali ni cha nani?" akauliza.

"Changu. Nilipima wayo wako, nikaujua, nikasaini."

Aligeuza uso dirishani. Theluji ilikuwa imeanza tena, nyepesi. Nikafungua kompyuta ya kazi mapajani. Nguruwe pori wa Arvo angeokoa cheo changu, lakini asingekifuta kibali. Kibali cha mbwa mwitu mmoja hubaki hai hadi apatikane mmoja, na wapo wawindaji wengine wenye bunduki ambao hawajaona chochote. Hufutwa kwa njia moja tu: aliyekisaini akiri kwamba kilitolewa bila msingi. Mtu aliyekiri hivyo hakabidhiwi mbwa mwitu wa nchi nzima, na hata wa wilaya moja hawamwachii.

Niliandika: Kibali kilitolewa kwa makosa. Niliyajua makosa hayo nilipokuwa nasaini. Kamba nimeikata mwenyewe, kwa makusudi. Nikaweka jina langu lote. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Miaka kumi na mitano, jamani. Nikabonyeza.

"Umetuma nini?" Meelis akauliza, bado amegeukia dirisha.

Nikampa asome. Alisoma polepole, kama mtu anayejifunza kusoma upya, mkono wa vidole vitatu ukifuata mistari. Alipomaliza akairudisha kompyuta mapajani mwangu kwa uangalifu mkubwa.

"Ulichosema kule ndani," akasema. "Nilisikia."

"Ni kweli."

"Najua ni kweli. Mimi pia, na wewe unajua." Akalifungua blanketi miguuni, akalitupa mabegani. "Lakini sijakusamehe, Hilje. Sijui kama nitaweza. Siku zako zikifika nitakuja kukuita, mwezi huu na kila mwezi, hilo usiliogope. Leo nipeleke kwangu, na usiingie ndani."

Nilimpeleka. Alishuka na blanketi la mbwa mabegani, akaenda mlangoni peku bila kugeuka. Mimi nilibaki garini, injini imezimwa, simu ikiita na kuita kutoka Tallinn, hadi nilipoona moshi unatoka kwenye bomba la jiko lake.