Kila Nyumba na Sahani Yake

Usiku wa jana, homa ya dada yangu Mwanakombo ikiwa na siku ya sita, nilisinzia kwenye kiti kando ya kitanda chake, nikaota nimeajiriwa ndani ya mwili wake.

Sikuulizwa kama nataka. Nilijikuta nyuma ya mfupa wa kifua chake, kwenye chuo kidogo, na mwalimu alikuwa chekeche. Chekeche la kawaida, la kuchekechea unga, limekaa kitini, limevaa miwani.

"Wewe ni kipokezi," likasema. "Utabandikwa juu ya chembe T, askari wa mwili huu. Askari hana macho. Wewe ndiye kidole chake. Utapapasa."

"Mimi ni mshairi," nikasema. "Nina beti mia nne, na sikufundishwa na mtu."

"Hapa utajua kitu kimoja tu. Herufi tisa, alama ya mvamizi mmoja."

"Mizani ni nane."

"Tisa," likasema chekeche, likafunua ukurasa mwingine.

Nikaambiwa jina langu ni Alfa, nikafungwa ubavu kwa ubavu na mwenzangu Beta. Tulishonwa kwa vipande vilivyookotwa sakafuni bila kuchaguliwa, kwa hiyo hapakuwa na jozi nyingine iliyofanana nasi. Nilijivuna.

"Tumeshonwa gizani," Beta akasema. "Unajivunia nini?"

Mtihani ulikuwa sahani. Tuliingia jozi mia. Juu ya sahani palikuwa na chakula cha nyumbani, kipande cha mwili wa Mwanakombo mwenyewe. Walioshindwa hata kuishika sahani waliambiwa hawana kazi, wakafa palepale. Walioing'ang'ania na kutaka kupigana na kilichomo waliambiwa watakuja kuubomoa mwili wenyewe, basi waende nyuma ya ukuta wakajifie. Wakaenda, kwa foleni. Mimi nilikuwa nimechoka. Niliishika kwa ncha za vidole, nikairudisha.

"Umefaulu," likasema chekeche. Tulibaki jozi mbili.

Sasa nasafiri. Mto ni mwekundu na una joto, nasi tumebandikwa juu ya askari mnene asiyesema. Sheria ya mji ni moja: kila nyumba iweke mlangoni sahani yenye kipande cha kila kinachopikwa ndani, hata kama mpishi ni mvamizi. Napapasa. Si hii. Napapasa. Si hii. Beta anasema tumeshapapasa sahani elfu kumi na moja. Joto linapanda.

"Siku ya saba ikifika na hakuna aliyemtambua mvamizi," anasema, "hatuna mji."

"Dada yangu," nasema. "Si mji."

"Haya. Dada yako."

Hapo hapo tuko chini ya taya lake, ndani ya tezi, na tezi ni ukumbi wa kungojea wenye mabenchi. Mwanamke mwenye mikono kama arobaini anapita na sahani.

"Shikamoo, Bi Mikono."

"Marahaba. Shika hii, imetoka shavuni."

Naishika. Herufi tisa zinaingia kati yangu na Beta kama mguu kwenye kiatu chake.

"Ni yeye!" napiga kelele.

Askari hatikisiki. Ndipo naona kwamba miguu yangu ni mifupi, haifiki ndani ya askari, na sauti yangu haiendi popote. Majirani waliobandikwa kando yetu juu ya askari, wasiosema neno siku zote hizi, ndio wenye miguu mirefu. Wanaanza kuikanyaga kengele iliyo ndani.

"Twende!" nasema.

"Unakwenda wapi?" anauliza Bi Mikono. "Askari wako hajanipa mkono."

"Nimeshatambua, mama. Mimi ndiye niliyetambua. Mkono wa nini tena?"

Ananyoosha mikono kumi hivi kuelekea ukutani. Askari wamepangwa pale, wima, vumbi mabegani.

"Hao nao walitambua. Wakaitika bila kunipa mkono. Hawataamka tena."

Usingizi umeshanifika magotini. Ni usingizi mtamu, na mimi sijalala siku sita. Beta amelegea ubavuni mwangu.

"Askari," nasema. "Mpe bibi mkono."

Anampa. Usingizi unashuka miguuni na kutoka. Nageuka: askari amejigawa na kujigawa, najikuta niko elfu arobaini. Wote tumechoka vilevile.

Mtaa wa shavuni una kuta za waridi. Kwenye nyumba moja amekaa bibi mmoja kizingitini, na sahani yake imefutwa vumbi.

"Hodi."

"Karibu. Nimekungoja siku nne."

"Bibi, hii sahani yako..."

"Naijua. Huyo aliye ndani anatumia jiko langu kujizalisha, hata hanisikii. Lakini sahani nimeiweka mwenyewe."

"Ungeificha."

"Wapo wanaoficha. Kwao huja askari wengine, hao hawapigi hodi."

"Nikisema ndiyo, nyumba inaanguka na wewe umo."

"Na usiposema?"

Kuta zinawaka joto. Naisikia pumzi ya Mwanakombo juu yetu, fupi fupi. Naishika sahani kwa mikono miwili, nahesabu herufi, nahesabu tena. Beta ananiachia niseme.

"Ni yeye," nasema polepole.

Kengele inalia. Askari anatoboa ukuta kitundu kimoja. Bibi haondoki. Anakunja kanga yake, anakunja mkeka, anakunja mlango na kuta, kisha anajikunja mwenyewe kwa uangalifu, mpaka anakuwa kifurushi kinachoenea kiganjani.

Niliamka shingo imekakamaa. Mwanakombo alikuwa ameketi kitandani, nguo zimelowa jasho. Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa baridi.

"Kaka, unakoroma kama mashine ya kusaga."

"Unajisikiaje?"

"Nina njaa." Akapitisha ulimi ndani ya shavu, akakunja uso. "Kuna kishimo hapa. Jana hakikuwepo."

"Kinauma?"

"Kidogo tu. Ni kama pamefagiliwa."

"Pole," nikasema, nikaenda kupasha uji moto. Sikumwambia nani alikuwa akikaa hapo.