Santuri za Baba Mkwe

Wimbo ulikuwa umekwisha na baba mkwe hakuinuka.

Nilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, nikatega sikio. Upande wa pili wa ukuta sindano ilikuwa imefika mwisho wa santuri na sasa inagonga palepale, ta, ta, ta, kila mzunguko mara moja. Siku zote iligonga mara tatu, au nne kama goti lilikuwa linamsumbua, kisha nasikia kiti kinalia, ndara zinaburuzwa, sindano inanyanyuliwa. Nilihesabu hadi kumi. Nikahesabu hadi ishirini. Ilikuwa saa nane mchana, manyunyu yakianguka juu ya mabati, mwaka ule wa El Nino ambao Tukuyu, mji usiojua kukauka hata katika miaka ya kawaida, ulilowa mpaka kuta zikaota ukungu.

Asiye wa kwetu atauliza, si ungekwenda kumtazama? Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kwetu Unyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, na wakikutana njiani mwanamke huingia migombani akajifunika kitenge hadi mzee apite. Wenzangu wa mjini walikuwa wameanza kuucheka mwiko huo, na mchungaji alikwisha kusema kwamba kuuacha si dhambi, lakini nyumba ya mzee Lukasi iliushika. Nilikuwa na miaka minne ya ndoa na sikuijua sura ya baba wa mume wangu. Nilikijua kikohozi chake.

Viwanja vya Bulyaga, mtaa wetu, ni finyu, na Lutengano, mume wangu, hakuwa na pa kujenga. Basi baba yake aliikata nyumba yake katikati kwa ukuta wa matofali ya kuchoma, ikawa na milango miwili. Wake ulitazama barabara, wetu ulitazama jikoni. Matofali yaliisha kabla ukuta haujafika juu, na dari haikuwepo, kwa hiyo sauti ziliruka upande wowote zilioupenda. Akitaka kutoka nje alikohoa mara mbili. Mimi nikitaka kwenda bombani niligonga kifuniko cha sufuria. Sijapata kuishi na mtu tukastahiana kiasi kile.

Gramafoni alikuja nayo kutoka Kitwe, alikochimba shaba ujanani. Wenzake walirudi na mablanketi na baiskeli. Yeye alirudi na kisanduku cha kupigia santuri, kinachotumia betri, na kreti la santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Dakika tatu, wimbo umekwisha, ainuke, ageuze. Mama mkwe alikuwa akisema, "Mzee huyu kwa kuinuka kwake angekuwa amekwisha kuupanda Mlima Rungwe na kushuka mara mia." Mimi nilipima mapishi kwa santuri hizo. Yai la kuchemsha lilikuwa pande mbili, la mtoto pande tatu.

Nilimhusudu, sifichi. Hakupiga santuri bila kuifuta kwanza, na kile kitambaa nilikisikia kikizunguka taratibu. Hakuuacha wimbo peke yake chumbani. Mgeni akibisha hodi katikati ya wimbo, mzee alijibu, "Ngoja kwanza huyu amalize," na mgeni alisubiri barazani, apende asipende, hadi mwimbaji amalize. Nimewaona watu wengi wakipenda muziki. Yeye aliuheshimu.

Mwaka wa pili nilifanya kosa. Kulikuwa na wimbo mmoja wa Kibemba, wa magitaa mawili, moja linauliza na lingine linajibu. Siku hiyo nilikuwa nashona sare za kwaya, mguu uko kwenye pedali, na bila kujijua nikaufuatisha kwa sauti. Wimbo ukaisha ghafla, sauti yangu ikabaki peke yake juu ya ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke! Mkamwana anamwimbia baba mkwe! Siku mbili nilingoja mama mkwe aje kunisema. Siku ya tatu, saa ileile, mzee aliupiga wimbo ule. Ukaisha, akafuta santuri, akaupiga tena. Kisha akasema, kama anayezungumza na gramafoni, "Huu unapendwa."

Tangu hapo aliupiga kila siku baada ya chakula cha mchana. Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyokuwa nayo kwa miaka minne, na yalinitosha. Mimi ni mtoto wa nne kati ya tisa. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukumbuka ninachokipenda.

Krismasi ya mwaka tisini na saba, Lutengano alirudi kutoka Dar es Salaam. Milango ya biashara ilikuwa wazi tangu zama za ruksa. Alikuwa anapeleka ndizi na viazi, anarudi na chochote kilichouzika, mitumba, saa, betri. Safari hiyo alimletea baba yake redio ya sidii, yenye spika mbili na taa nyekundu zinazocheza.

"Baba, hii haikwaruzi," nilimsikia akisema upande wa pili. "Nyimbo kumi na nane. Huinuki hata mara moja. Pumzisha goti."

Na kweli haikukwaruza. Sitaki kuisingizia. Siku ya kwanza niliacha kazi nikasikiliza, kwa jinsi sauti ilivyokuwa safi; hata pumzi ya mwimbaji uliisikia. Lakini iliimba tangu chai ya asubuhi hadi jioni, na katikati ya kuimba kwake nilimpoteza mzee. Hakuna kiti, hakuna ndara, hakuna kitambaa. Asubuhi moja iliimba hadi adhuhuri bila hata kikohozi, nikaingiwa na hofu, nikamkimbilia mama mkwe shambani. Alikuja mbio na jembe mkononi, akafungua mlango. Chumba kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa amekwenda kunyoa, redio inaviimbia viti.

"Siku nyingine uniache nilime," mama mkwe alinikaripia.

Juma lile halikuisha, nikasikia kitambaa kinazunguka tena. Lutengano alikasirika, na nikawasikia wakijibizana.

"Mwanangu, chombo chako ni kizuri," mzee alisema. "Ila hakina habari na mimi. Nipo, kinaimba. Sipo, kinaimba."

"Baba, hayo mambo ya kale."

"Hata mimi ni wa kale. Utanitupa?"

Lutengano aliihamishia redio upande wetu. Niliifunika kitambaa cha kudarizi.

Sasa, mchana ule wa manyunyu, Lutengano alikuwa Dar. Mama mkwe na majirani walikuwa wameondoka alfajiri kwenda msibani kijiji cha Masoko katika lori la jirani yetu Meshaki, mtaa mzima, maana aliyefariki alikuwa mtu wa watu. Mzee alibaki kwa ajili ya goti. Mimi nilibaki kwa ajili ya mtoto.

Nilichukua kifuniko cha sufuria nikakigonga. Hakukohoa. Nikagonga tena kwa nguvu, mtoto akaamka analia. Nilitaka kumwita, nikagundua kwamba sina jina la kumwitia; wakati ule jina lake sikuruhusiwa kulitamka. Nikatoka barabarani nikapiga yowe. Nyumba zilikuwa na makufuli, na mvua haikuniletea mtu.

Nilisimama mbele ya mlango wake, mtoto kiunoni. Kama alikuwa amesinzia tu na mimi nikaingia kwake, basi nisingekaa tena katika nyumba ile. Ningekuwa mwanamke aliyemvunjia heshima baba mkwe, na habari ingefika Lupepo kwa wazazi wangu kabla yangu. Na kama hakusinzia? Ndani sindano iliendelea, ta, ta, ta. Mtu aliyemwacha mgeni barazani kwa ajili ya wimbo hawezi kuiacha sindano igonge hivyo. Nilimjua. Sikuwa nimemwona hata mara moja, lakini nilimjua.

Nilimlaza mtoto kwenye mkeka kwetu, nikajifunika kitenge usoni, nikasukuma mlango, nikaingia nimefumba macho. Ndiyo, nimefumba macho, kama mjinga. Nilipapasa, nikaangusha kigoda, mguu wangu ukagusa mguu wa mtu sakafuni. Hapo nikayafumbua.

Alikuwa mdogo. Hilo ndilo lililonishtua kwanza. Kwa kikohozi kile nilikuwa nimemjenga mtu mrefu, mwenye mabega. Kumbe alikuwa mzee mdogo, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kama si wake. Aliponiona, aliunyoosha wa kushoto kwa shida, akaivuta kofia yake iliyoanguka, akajifunika uso. Mtu anakufa, na bado ananistahi!

Nililia kwa sauti. "Baba, nisamehe. Nimekuja kukubeba."

Chini ya kofia alijitahidi, akajitahidi tena, neno likatoka limevunjika. "Be...tri."

Nikaelewa, betri zilikuwa zinaliwa bure; nikainyanyua sindano. Chumba kikanyamaza.

Nilimfunga mgongoni kwa kitenge kama nilivyombeba mwanangu, nikampitia mtoto kwetu nikampakata kwa mkono mmoja, nikatoka. Hakuwa mzito kuliko gunia la viazi, nami magunia nimeyabeba. Barabarani lori la majani mabichi ya chai lilisimama. Dereva hakuuliza swali, wala wachuma chai waliokaa nyuma. Tulimlaza juu ya majani. Hospitalini waliniambia ni kiharusi, na kwamba kama ningemngoja mama mkwe arudi jioni, angemkuta maiti.

Mzee alirudi nyumbani baada ya majuma matatu, na wazee wakaketi. Mimi nilikaa jikoni, mlango wazi, nisionekane. Baba mdogo Asajile, mdogo wake mzee, ndiye aliyeongea sana. Alisema uhai ni uhai na mila ni mila. Mkamwana amemwona baba mkwe, amemgusa, amembeba mgongoni mchana kweupe mbele ya wachuma chai. Arudi kwao Lupepo hadi jambo litengenezwe, na baba yake alete ng'ombe.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na alikuwa wa maziwa ya wadogo zangu. Nikamsikia mume wangu akianza kunitetea, kisha mzee akagonga sakafu kwa fimbo. Maneno yake sasa yalitoka moja moja, kila moja limebebwa peke yake.

"Ng'ombe natoa mimi. Nampa yeye. Kuanzia leo, aingie."

"Kaka..."

"Asajile. Mkono wangu umekufa. Santuri zangu hazijafa."

Lutengano alisema kwa upole kwamba redio ya sidii inabonyezwa kwa kidole kimoja, hata cha kushoto. Mzee alisema tu, "Mwiteni."

Niliingia na kitenge kichwani, nikapiga magoti. Asajile alitazama pembeni. Mzee alinielekeza kwa kidevu kwenye kreti, nami sikuhitaji kuambiwa ni ipi. Niliifuta kwa kitambaa chake, taratibu, nikaiweka, nikanyanyua ule mkono mdogo wa sindano. Mikono yangu imetunga uzi sindanoni maisha yake yote, lakini siku ile wazee saba walikuwa wananitazama. Sindano iliponyoka ikaruka, ikakwaruza, krrr, kutoka ukingoni hadi karibu na katikati.

Santuri ile ilitoka Kitwe. Ilivuka mpaka, ikahimili ukungu wa Tukuyu miaka zaidi ya thelathini, nami nimeiharibu mara ya kwanza kuishika.

Mzee alicheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, mabega yakamtikisika, na Asajile mwenyewe akaanza kucheka bila kupenda.

"Haya," alisema. "Sasa na wewe umo humo. Piga."

Niliipiga. Ilipofika pale gitaa la pili linapoanza kujibu, sindano ilijikwaa, ikaruka neno, ikaendelea. Na kila siku, kwa miaka sita aliyojaliwa baada ya hapo, wimbo ulipofika pale na kujikwaa, mzee alinigeukia akaniambia, "Ndaga fijo, mwanangu," asante sana, nami nilisikia haya na furaha kwa pamoja.

Gramafoni ilikufa baada yake. Sindano za namna ile hazipatikani tena. Binti yangu Gift, yule niliyemlaza kwenye mkeka, ameutafuta wimbo sijui wapi, ameuweka kwenye simu yangu. Umesafishwa, magitaa yote mawili yanasikika vizuri kuliko nilivyowahi kuyasikia.

"Mama, si ndio huu?" aliniuliza.

Ndio huu. Huwa nausikiliza nikishona. Ukikaribia pale gitaa la pili linapoanza kujibu, nanyanyua kichwa, nangoja. Unapita. Huwa namwomba Gift aurudishe nyuma kidogo, labda sikusikia vizuri.