Bakuli la Mlangoni

Ummu alizaliwa Tanga, na watu wa kwao hawali mtu akiwatazama. Ukikutwa unakula, unamwambia aliyekukuta karibu, awe jirani au mpita njia. Na wewe ukikaribishwa unaonja hata tonge moja, usionekane una maringo. Miaka yote ya kuishi Gaithersburg, Marekani, haikumtoa Ummu katika adabu hiyo. Binti yake, Mwanamwema, alifundishwa hayo kabla hajajua kufunga viatu.

Basi adabu hiyo hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwezi wa Machi Ummu alifuatana na Pema, muuguzi mwenzake, kwenda kumsalimia mama yake Pema kijijini, huko juu kabisa kwenye milima ya Himalaya. Kijiji kilikuwa kimya mpaka unasikia moyo wako. Vijana walishahamia mjini, na milango mingi ilikuwa imefungwa kwa kamba. Yule mama alisonga ugali wa kijivu wa nafaka ya kwao, akautia siagi katikati na mchuzi wa majani yaliyochachushwa pembeni. Ummu akaula kwa raha zake. Ulimkumbusha ugali wa mtama. Kabla ya kula, mwenyeji alikuwa ameweka bakuli moja mlangoni bila kusema neno. Ummu aliponyanyua macho akamwona mzee amesimama pale, miguu mitupu kwenye theluji, anawatazama.

"Karibu, baba, tule," akasema.

Wengine hawakuona mtu. Mama yake Pema akaacha kutafuna.

Tangu arudi Gaithersburg, chakula kikawa kinapungua sufuriani. Ugali wa watu watatu ulitosha wawili, na jikoni kulinuka moshi na siagi.

"Nime-check kila mahali, mke wangu," akasema Jabir, mumewe. "Hakuna kitu. Umechoka tu na hizo shift."

Hakuwa amechoka. Alikuwa anaogopa, na akampigia Pema simu.

"Bakuli la mlangoni ni la waliokufa njiani kwa baridi," Pema akamwambia. "Tunawawekea chakula, hatuwasemeshi. Wewe ulimwalika, ndiyo maana amekuja. Sasa ameshakula kwako, naye atataka kukualika kwake. Mtu wa nyumbani kwako asionje chakula chake, Ummu, hata kidogo. Anayekionja ni wake."

Ummu alikata simu akiwa ameazimia kumwonya mtoto. Lakini alipomtazama anavyochora pale sakafuni, akaona amtie woga wa nini saa hizi. Atamwambia kesho garini. Loo, kesho hiyo!

Jioni ile ile, jua la Julai bado liko dirishani, akaandaa meza.

"Mwanamwema, njoo ule, mama."

"I'm not hungry. I already ate."

"Umekula wapi?"

"Kwa yule babu wa mlangoni. He said karibu." Mtoto akaketi, akaweka mikono mezani. Kwenye kucha zake kulikuwa na mabaki ya ugali wa kijivu. "Nimeonja tonge moja tu, Mama. Like you taught me."

Jabir akacheka, akidhani ni michezo ya watoto. Chumba kilikuwa kimeingia baridi kali, na Ummu alipoliita jina la mwanawe, mvuke ukamtoka kinywani. Jabir naye ulimtoka, akaacha kucheka.

Mwanamwema aliendelea kuwasimulia jinsi babu alivyo mwema, na kinywani mwake hamkutoka mvuke wowote.