Viatu vya Mkwe

Mwanangu ni fundi rangi. Alianguka ngazini, na tangu siku hiyo macho na kichwa chake havisikilizani. Akigeuka, chumba kizima kinamyumbia. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali anasema macho hayana kosa, shingo haina kosa. Ni ubongo, unaoviamuru vyote viwili, uliopoteza mpangilio.

"Jambo la ghafla, mama, macho hutangulia, kichwa kikafuata," alinieleza. "Lile mtu analolitegemea, kichwa huweza kuanza. Siku hizi kichwa chake kimeanza tena kutangulia. Ni dalili nzuri."

Heri asingeniambia. Mimi nikiingia chumba cha mazoezi, macho ya mwanangu yanaruka kwanza, kana kwamba kaingia mgeni. Mkewe akija, kichwa kimeshageuka kabla mlango haujafunguka, maana visigino vyake vinasikika tangu mwisho wa korido: ko, ko, ko. Mimi navaa malapa, sina kishindo.

Wivu uliniuma, sitaki kudanganya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimembeba, nimemlisha, nimempangusa makamasi; huyu kaja juzi tu, na ndiye anayengojwa!

Ijumaa tulikuwa kwenye benchi nje, mwanangu ndani na mtaalamu wake. Mkwe akavua viatu.

"Mama, niazime malapa yako. Miguu imenivimba, na nataka kufuata dawa zake dirishani."

"Chukua, mwanangu," nikamwambia, sauti tamu kama asali.

Alipokata kona tu, nikavivaa vyake. Vilinibana vidole hadi machozi. Nikajikokota nikishika ukuta, ajuza wa miaka sitini na tatu, ko, ko, ko, nikausukuma mlango.

Kichwa cha mwanangu kilikuwa kimeshaanza kugeuka, taratibu, bila kuyumba, na uso wote umechanua tabasamu ambalo sijaliona tangu aanguke. Nikasimama pale nikilipokea. Nilisahau hata vidole. Kisha macho yakanifikia.

"Ah. Ni wewe, mama." Tabasamu likazimika. Akachungulia nyuma yangu. "Yeye yuko wapi?"

"Anakuja. Yuko dirishani, anachukua dawa zako."

Mtaalamu alikuwa anapiga makofi kwa furaha. "Umeona, mama, alivyogeuka leo? Safi kabisa!"

"Nimeona," nikasema.