Kanda ya Kwanza ya Tupokigwe

Siku kanda yake ya kwanza ilipofika Tukuyu, Tupokigwe alikuwa kajibanza kwenye stoo ya duka la Tamimu, kati ya magunia ya sukari.

Asingejificha angefanyaje? Kwa Wanyakyusa wa Mpuguso mke hamkaribii baba mkwe wake, hamtazami, halitaji jina lake, wala hafungui kinywa alipo. Na mzee mkwe ndiye huyo, kasimama kaunta na mwavuli wake. Jina lake hata mimi silitaji, nisimkosee adabu mama wa watu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye chake anauza. Kabla ya kuolewa, Tupokigwe alikuwa amepiga gitaa la umeme kwenye bendi ya roki kule Mbeya, nyuma ya wanaume waliojiita nyota, mpaka akachoka. Sasa katoka peke yake: nyimbo nane, sauti yake, gitaa lake. Mzee alipopata habari akamwambia mwanawe Ackson, bila kumung'unya maneno: "Nitaisikiliza mwenyewe. Ikinitia aibu, mkeo anarudi kwao Ibighi." Ackson, maskini, akanywea.

Tamimu, ambaye wazee wake walitoka pwani, mambo haya ya ukwe hayajui. Alikuwa ameitia kanda hiyo kwenye redio kaseti na kuifungulia mpaka vioo vinatikisika.

"Huyo anayeimba ni nani?" mzee akauliza.

"Si mkweo, mzee wangu! Yupo hapo stoo. Dada Tupo, njoo umsalimie baba!"

Mama wee! Akitoka, kavunja mwiko mbele ya watu. Asipotoka, Tamimu keshashika pazia la stoo, anataka kulifunua.

"Acha!" mzee akafoka. "Usimwite! Una wazimu wewe?"

Akageuka, akaipa stoo mgongo. Gitaa likaunguruma mpaka wimbo ukaisha. Tupokigwe alishajiona na sanduku kichwani, njia ya Ibighi.

"Kelele," mzee akasema hatimaye. Alimwambia Tamimu, lakini kwa sauti ya kufika stoo. "Kelele nyingi mno hilo gitaa."

Akakohoa.

"Mwaka wa tisa huyu binti yuko kwangu. Kanipikia, kanilimia, kanizalia wajukuu watatu. Sauti yake ndiyo kwanza naisikia leo. Rudisha mwanzo, Tamimu. Na ongeza kidogo."

Nyuma ya pazia Tupokigwe akajiziba mdomo kwa khanga, akalia machozi ya raha, asije akasikika.