Kura ya Nyungunyungu

Asubuhi ile Shangazi Agatha aliwasalimia nyungunyungu kabla hajaitikia shikamoo yangu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni: "Hamjambo, wanangu?" Sikuona wivu. Wale ndio walioshika hatima ya shamba lake.

Msimu uliopita alikubali kujaribu dawa mpya ya ukungu wa tangawizi. Dawa yenyewe ni shaba iliyosagwa hadi chembe zake hazionekani hata kwa hadubini ya shule yetu, ambayo, kusema haki, haikuwahi kuonyesha chochote. Sasa mbegu zimechipua, mvua imeanza kugusa milima, naye hathubutu kupanda mpaka ajue kama shaba ile imeua udongo.

Dada Dorkas, mtafiti kutoka chuoni, alileta kipimo chepesi. Beseni moja lenye kizuizi katikati: upande huu udongo wenye dawa, upande ule udongo safi. Kizuizi kinaondolewa, nyungunyungu wanawekwa pale kati, wanachagua wenyewe pa kukaa.

"Kumbe uchaguzi," nikasema. "Na kampeni je?"

"Kampeni ni wewe kunyamaza, Sadock," Dorkas akajibu.

Siku ya matokeo alichambua udongo kwa vidole. Upande wa dawa hakukuwa na hata mmoja. Wote walijazana udongo safi kama washarika kanisani siku ya Mavuno.

"Basi shamba limekufa," shangazi akasema taratibu. "Nitashuka Maore, kule tambarare, nikalime vibarua kwenye joto lile." Kisha akawageukia nyungunyungu. "Na nilivyowahangaikia! Siafu walipowavamia, nani aliwamwagia jivu?"

Dorkas akainua kichwa. "Jivu gani, mama?"

"La jikoni. Kitaluni si ndivyo tunavyofanya?"

"Ulimwaga beseni zima?"

"Aa, huu upande wa mlangoni tu, ndiko walikopandia."

Upande wa mlangoni ndio uliokuwa na dawa. Dorkas akakaa sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama Agatha, jivu linawaunguza ngozi! Hatujui waliikimbia shaba au walikukimbia wewe."

"Shangazi, umeiba kura," nikasema. Kandambili ikanipita sikioni.

Tukarudia kwa udongo mpya. Safari hii mabeseni matatu yalikaa juu ya meza, miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, siafu waogelee wakipenda. Shangazi alipigwa marufuku kusogea, akabaki kuchungulia dirishani kama mgeni asiyealikwa harusini.

Dorkas alipochambua la kwanza, nyungunyungu walikuwa pande zote, karibu sawasawa, wanene, wanajinyonganyonga. Beseni la pili vilevile. La tatu vilevile.

"Nitaendelea kuangalia kama wanazaana vizuri," akasema. "Lakini kwa kiwango ulichopiga wewe, udongo hawaukimbii. Panda, mama."

Shangazi alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akacheka peke yake. Halafu akachukua jembe.

"Na wewe unasubiri nini hapo? Au hawa ndio watakulimia?"

Nikabeba kikapu cha mbegu, nikamfuata. Alikuwa ameshafika shambani, anaimba kwa sauti ya juu, na ufunguo wa wimbo ameukosea kabisa. Sikumtania.